Tumbo Lipunguzwe kwa Njia Ipi?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa Butembo alitungoja nje ya kanisa na bahasha mkononi. Ni mfanyabiashara wa vitenge, mtu ajulikanaye sana sokoni, ambaye amekwisha kusafiri mpaka Dubai na Guangzhou kununua mali. Alitutaka tumsomee karatasi alizotumiwa na waganga wa Nairobi, kwa kuwa ziliandikwa kwa Kiingereza, naye alisoma Kifaransa tu. Ndani yake mlikuwa na majina matatu ya kazi ya kupunguza tumbo, na chini yake mahali pa kutia sahihi.

"Mwalimu," akasema, "wamenipa nichague, kama vile mtu achaguavyo kitenge. Lakini kitenge kibaya nitakirudisha dukani. Hiki je?"

Swali lake lilitushinda, kwa sababu sisi si waganga. Tulimwomba siku chache, tukamwendea rafiki yetu mmoja aliyesomea upasuaji, tukasoma tulichoweza kusoma. Twayaandika hapa tuliyoyapata, kwa kuwa tunajua kwamba si yeye peke yake anayeuliza. Katika miji yetu ya Butembo na Beni watu waliopata mali wanazidi kunenepa, na ugonjwa wa sukari unawafuata.

Kwanza yafaa tuseme neno juu ya unene wenyewe. Kwetu mwili mkubwa umehesabiwa tangu zamani kuwa mwili wa heshima. Mke akinenepa, mume husifiwa kwamba anatunza nyumba. Akikonda, majirani hunong'ona juu ya ukimwi au juu ya sumu. Mama huyu alituambia wazi kwamba hofu yake kubwa si kisu. Ni maneno ya sokoni siku atakaporudi amepungua. Na wengine, kinyume cha hao, humcheka mtu mnene na kumwita mlafi. Hao nao wamekosa. Tumbo lina sehemu ya juu itoayo kitu kiitwacho ghrelini, ambacho wataalamu wa Japani walikigundua mwaka 1999, nacho hupeleka habari ya njaa kwenye ubongo. Mtu mnene ajinyimapo chakula, kitu hicho huongezeka, na mwili hujitetea kama mwenye shamba anayefukuza wezi. Ndiyo maana wengi hupunguza kilo kumi wakati wa Kwaresima na kuzirudisha zote kabla ya Pentekoste.

Basi, ni nani apasuliwe? Waganga hupima hivi: kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu uo huo. Mama yetu ana kilo 105 na urefu wa mita 1.60. Mita 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 105 ukigawanya kwa 2.56 wapata 41. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walikata shauri kwamba kazi hiyo ni ya mtu aliyefikia 40, au 35 ikiwa ana ugonjwa mzito utokanao na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa kazi hiyo vilishusha kipimo: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa wa sukari. Mama ana sukari kwa miaka sita, ana presha, magoti yanamwuma hata kupanda kilima kwenda nyumbani ni taabu, na usiku hulala ameinuliwa mito mitatu kwa sababu ya kiungulia. Kiungulia hicho hakukitaja mwanzoni, akidhani ni jambo dogo. Kumbe ndicho kilichopima mizani, kama tutakavyoona.

Jina la kwanza katika karatasi lilikuwa puto. Hapa hakuna kisu. Mgonjwa hutiwa puto tupu tumboni kwa njia ya kinywa, kisha hujazwa maji ya chumvi yapata nusu lita, na mtu hushiba upesi. Hospitali ya Mloganzila, iliyo tawi la Muhimbili huko Dar es Salaam, ilianza kazi hii mwaka 2022, na habari zake zilienea sana katika magazeti ya Kiswahili. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo njia yenyewe. Lakini puto la kawaida hutolewa baada ya miezi sita. Mtu hupunguza sehemu ya kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo, na baada ya kutolewa sehemu kubwa ya uzito hurudi kwa wengi. Kwa mtu mwenye kilo 105, hizo ni kilo kumi hivi za kukopeshwa. Hatusemi kwamba ni bure. Yaweza kumfaa mtu anayetaka kupungua kabla ya kupasuliwa jambo lingine.

Zamani palikuwa na njia nyingine, pete ya mpira iliyofungwa juu ya tumbo, ambayo Marekani iliruhusu mwaka 2001. Leo imeachwa karibu kila mahali, kwani nyingi zililegea au kuteleza na watu wakarudi kuzitoa. Tena pete hiyo hukazwa na kulegezwa kwa sindano mara kwa mara. Mtu wa Butembo afunge safari ya Nairobi kila mwezi kukaza pete? Tuiache.

Njia ya pili waganga huiita kwa jina la mkono wa shati. Mpasuaji hutoboa matundu madogo tumboni, hutia kamera, na kwa chombo kikatacho na kushona pamoja huondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi. Libakilo ni bomba jembamba lililo kama mkono wa shati. Sehemu iliyokatwa hutupwa, hairudi kamwe. Na kwa kuwa ndiyo iliyotoa ghrelini kwa wingi, njaa yenyewe hupungua. Utumbo hauguswi. Kazi ni fupi, na leo ndiyo ifanywayo zaidi duniani. Mtu hupoteza yapata robo moja ya uzito wake.

Njia ya tatu ni mchepuko, na ndiyo yenye historia ndefu. Edward Mason, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliianzisha mwaka 1966. Juu ya tumbo hufanywa kifuko kidogo chenye kuingia vijiko viwili vya chakula. Kisha utumbo hukatwa na kuungwa na kifuko hicho, chakula kikapita kando bila kupitia tumbo kubwa na mwanzo wa utumbo. Mwenye kuijua barabara yetu ya Butembo wakati wa mvua ataelewa mara moja: palipoharibika pameachwa, magari yanapita pembeni. Tumbo la zamani halitolewi, linabaki mahali pake bila kazi. Mtu hupoteza karibu theluthi ya uzito wake, na ugonjwa wa sukari hupungua mara nyingi katika siku za kwanza, hata kabla ya kilo kushuka. Huko Norwei wagonjwa wa sukari walipigiwa kura ya kupata njia hii au ile. Baada ya mwaka mmoja, yapata watatu katika wanne wa mchepuko hawakuwa tena na sukari ya juu, na kwa mkono wa shati yapata nusu.

Kwa uzito peke yake tofauti si kubwa. Mwaka 2018 waganga wa Uswisi na wa Finlandi walitangaza habari za watu zaidi ya 450 waliofuatwa miaka mitano, na kilo zilizopungua zilikaribiana. Lakini kwa kiungulia njia mbili zilitengana. Kati ya Waswisi waliokuwa na kiungulia tangu mwanzo, sita katika kumi walipona kwa mchepuko; kwa mkono wa shati alipona mmoja tu katika wanne, na karibu theluthi walizidiwa. Sababu yake ni rahisi: bomba jembamba husukuma uchungu juu. Tulipomweleza mama habari hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mito yangu mitatu ingekuwa mitano."

Je, basi kila mwenye sukari na kiungulia achague mchepuko? Hapo ndipo rafiki yetu mpasuaji alipotuzuia. Alituambia: mgonjwa hachagui kazi tu, huchagua pia mahali atakapoishi nayo. Mtu wa mchepuko anahitaji vitamini na madini mpaka kufa kwake: chuma, kalsiamu, vitamini D, na vitamini B12 ambayo mara nyingi hutiwa kwa sindano. Mtu wa mkono wa shati anavihitaji pia, lakini akisahau huadhibiwa polepole zaidi. Katika nchi ambayo malaria hula damu ya mama zetu kila mwaka, kukosa chuma si jambo la mzaha. Tena yuko hatarini, hata baada ya miaka mingi, utumbo wake kujisokota mahali ulipoungwa. Maumivu makali ya tumbo kwake si ya kungoja asubuhi. Mganga atakayempokea lazima ajue jinsi alivyoshonwa. Kwa hiyo atembee na barua yenye mchoro.

Akaongeza mambo mawili ambayo twapenda yasomwe hata na wauguzi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu huuzwa katika kila duka la dawa kama njugu, humtia mtu wa mchepuko kidonda pale palipounganishwa. Kwake ni parasetamoli. Na mtu aliyepunguzwa tumbo kwa njia yoyote, akitapika majuma mawili au matatu mfululizo, huishiwa vitamini B1. Akifika zahanati na kutundikiwa serumu ya sukari kabla ya kupewa B1, ubongo wake waweza kuharibika kabisa. Apewe B1 kwanza, kisha serumu.

Kuna pia jambo la safari. Katika hospitali zenye mazoea ya kazi hii hufa yapata mtu mmoja katika kila elfu, nayo ni hatari ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini mshono waweza kuvuja katika siku za kwanza, hata katika juma la pili au la tatu, na dalili zake ni homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo au ya bega. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54, kutoka Beni mpaka mpaka wa Kasindi kilomita 80, kwenye barabara ambayo kwa miaka mingi imemwaga damu ya wasafiri. Kisha zaidi ya kilomita 400 kufika Kampala, na Nairobi iko mbali zaidi. Wako mawakala wanaowaahidi watu kwamba watapasuliwa ng'ambo siku ya Jumatatu na kurudi nyumbani Jumamosi. Maneno hayo yatisha. Mama ana binamu yake Nairobi. Atakaa kwake mwezi mzima.

Mumewe, ambaye ni mtu wa sala na si mjinga, alileta swali lake mwenyewe: ni halali kukata kiungo kizima ambacho Mungu alikiumba hakina ugonjwa? Tulifurahi kwa swali hilo. Papa Pio XII alilijibu kwa waganga tarehe 8 Oktoba 1953. Alifundisha kwamba hata kiungo kisicho na ugonjwa chaweza kuondolewa, ikiwa kubaki kwake au kazi yake yaleta madhara makubwa kwa mwili mzima, ikiwa madhara hayo hayawezi kuepukwa kwa njia nyingine na kazi yenyewe imethibitika kufaa, na ikiwa faida itakayopatikana yalipa hasara. Mzee alisoma mara mbili, akauliza kama njia nyingine zote zimejaribiwa kweli.

Ziko sindano mpya za kila juma, kama semaglutidi, iliyoruhusiwa Marekani kwa kupunguza uzito mwaka 2021. Katika majaribio watu walipoteza yapata kilo 15 katika kila 100. Lakini ni ghali, zataka friji, na mtu aachapo sindano uzito hurudi. Mama alizitumia miezi minne, fedha zikamshinda.

Kwa upande mwingine, mwalimu mwenzetu wa Beni, aliyesikia habari hizi, naye alitaka kujikopea dola maelfu kwa ajili ya puto. Kipimo chake ni 32, hana sukari, na kila jioni hunywa kasiksi na kula bugali wa kuzidi. Tulimshauri auze pikipiki yake kwanza. Hajatusamehe bado.

Mama alikwenda kutazamwa tumbo kwa kamera, wakamkuta na vidudu vya vidonda, ambavyo yafaa vifukuzwe kabla ya mchepuko, kwa maana tumbo litakaloachwa kando halifikiwi tena na kamera kwa njia ya kawaida. Anakunywa dawa zake. Nyumbani ameanza kuzoea sahani ndogo: samaki wa Kyavinyonge kwanza, maharagwe, kisha bugali ukubwa wa yai, maji nusu saa kabla au baada, si pamoja na chakula. Bintiye ndiye anayemwandikia. Kwa kuwa yeye bado ni wa umri wa kuzaa, ameambiwa pia asichukue mimba kwa mwaka mmoja na nusu, na hilo amelizungumza na mumewe.

Karatasi tumemrudishia. Ameweka alama ya kalamu kwenye jina la tatu, lakini mahali pa sahihi bado ni patupu. Asema atatia sahihi huko Nairobi, mbele ya mpasuaji mwenyewe, akiisha kumwuliza maswali saba aliyoyaandika nyuma ya bahasha. La kwanza: amefanya mchepuko kwa watu wangapi, na wangapi kati yao wanaishi mbali na hospitali kama yeye?