Kiberiti Hakisafishi Mtaa

Kila inapopita Jumamosi ya mwisho wa mwezi, naulizwa swali lile lile: "Mtaalamu, taka tuzichome saa ngapi ili moshi usiwasumbue majirani?" Mwingine anataka kujua kama pipa ni bora kuliko shimo. Mwingine kama mafuta ya taa yanasaidia. Nimeshajibu mara nyingi mno kwa upole, na leo najibu kwa maandishi ili isibaki shaka. Hakuna saa nzuri ya kuchoma taka za nyumbani. Hakuna pipa zuri la kuzichomea. Taka za nyumbani hazichomwi.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi una nia njema, na ulipata nguvu nchini Tanzania baada ya sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 kugeuzwa siku ya kazi ya usafi. Watu wanatoka na mafagio, majembe na reki. Wanafagia mbele ya nyumba, wanazibua mtaro, wanakusanya rundo kwenye kona. Ikikaribia saa nne asubuhi mtu mmoja anatoa kiberiti. Mtaa uliokuwa umependeza unafunikwa na moshi, na kila mmoja anarudi kwake akiamini kazi imekwisha.

Nendeni mkalitazame rundo hilo kesho yake. Majani makavu na karatasi vimeteketea. Chupa za maji zimeyeyuka na kushikana na mchanga, zimekuwa bonge jeusi. Pampasi imebabuka juu, ndani bado mbichi. Maganda ya embe yamekauka upande mmoja tu. Mkebe wa maziwa ni mkebe vilevile, na betri imepasuka inavuja. Mvua ikinyesha, vyote hivyo vinaingia mtaroni mlikovitoa. Moto umeondoa kile ambacho hakikuwa kinamsumbua mtu, ukaacha kile kinachosumbua.

Sababu ya moto kushindwa ni maji. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 inakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini, mabaki ya chakula na majani ni zaidi ya nusu ya taka zote. Kilo moja ya maji yaliyomo kwenye maganda na ukoko huhitaji takriban kilojuli 2,260 za joto ili igeuke mvuke, na joto hilo linanyang'anywa moto wenyewe. Kwa hiyo rundo haliwaki, linafuka. Na kufuka ndiko kunakotoa moshi mbaya kuliko wote: kaboni monoksidi, masizi, na chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko chembe hizo zaidi ya mara 20. Kanga uliyojizibia puani haizizuii. Zinafika mwisho wa mapafu, na nyingine zinapenya hadi kwenye damu.

Hapo mtu ananijibu: basi tumwagie mafuta ya taa, moto uwe mkali. Mafuta ya taa yanaungua yenyewe kwa dakika chache, yakiisha rundo linarudi kufuka.

Kisha linakuja lile la "mbona hospitali wanachoma?" Tanuri la hospitali linalofuata mwongozo lina vyumba viwili. Cha kwanza kinachoma taka. Cha pili kinachoma moshi uliotoka cha kwanza, kwa joto lisilopungua nyuzi 850 za Selsiasi, na moshi unakaa humo kwa sekunde 2 au zaidi. Ukitoka humo inabidi upozwe haraka, kwa sababu katika joto la kati ya nyuzi 200 na 450 sumu iitwayo dioksini hujiunda upya. Pipa lako halina chumba cha pili. Halifikii joto hilo, na moshi wake unapoa polepole ukipita katika kiwango kile kile cha joto kinachozalisha sumu.

Dioksini inahitaji klorini, na klorini tunayo tele: vipande vya bomba la PVC, ganda la waya wa umeme, kitambaa cha plastiki cha meza. Usiniambie unachambua na kuviondoa hivyo kwanza. Hata chumvi iliyomo kwenye mabaki ya mchuzi ina klorini ya kutosha. Mwaka 2000 watafiti wa shirika la serikali la mazingira la Marekani, Paul Lemieux na wenzake, walichapisha vipimo vya mapipa ya kuchomea taka uani. Walikuta kwamba kaya chache, kati ya 2 na 40, zikichoma taka kila siku, zinaweza kutoa dioksini sawa na tanuri la jiji lenye vichujio linaloteketeza tani 200 kwa siku. Kaya 40 ni watu wa barabara yenu tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka dioksini kali kuliko zote katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997. Ikishaingia mwilini hujificha kwenye mafuta, na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua kwa nusu. Hakuna maziwa ya kunywa wala dawa ya asili ya kuitoa.

Wanaochoma usiku kwa kuwaonea huruma majirani wanafanya vibaya zaidi. Jua likitua ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa nzito kuliko ya juu, upepo unatulia. Moshi haupandi, unatambaa usawa wa madirisha. Jirani ambaye mchana angeondoka barazani sasa amelala na watoto, naye anauvuta mpaka alfajiri.

Na majivu je, si mbolea? Majivu ya kuni ni mbolea, yana potasiamu, na bibi zetu walikuwa sahihi kuyatia kwenye bustani ya mchicha. Majivu ya taka mchanganyiko ni kitu kingine kabisa. Yana risasi na kadimi kutoka kwenye betri, rangi na plastiki, na yana dioksini. Kuku wa kienyeji wanachakura humo humo. Huko Tropodo, Java Mashariki nchini Indonesia, viwanda vya tofu vilikuwa vikitumia plastiki chakavu badala ya kuni. Mwaka 2019 mayai ya kuku wanaozurura jirani na viwanda hivyo yalipimwa, na dioksini ilikutwa juu mno ya viwango vya usalama vya Ulaya. Kuku wale hawakulishwa plastiki. Walidonoa udongo ulioangukiwa na majivu yake.

Basi tuulizane swali lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo: tunachoma kwa nini? Kwa sababu taka zinanuka, zinaleta nzi, na guta halijapita wiki ya pili sasa. Lakini kinachonuka ni kipi? Si chupa ya maji, wala si pakiti ya biskuti, wala si boksi. Kinachooza ni chakula. Kiroba cha chupa kavu kinaweza kukaa uani mwezi mzima na usijue kipo. Ukitenga mabaki ya chakula na majani, umeondoa zaidi ya nusu ya mzigo na karibu harufu yote. Kilichobaki kina subira, kinaweza kumngoja mwenye guta, na kiberiti hakina kazi tena.

Namna ya kufanya ni hii. Mwenye uwanja achimbe shimo la kina cha goti, kila siku amwage mabaki na kuyafunika kwa udongo au majani makavu. Baada ya miezi kadhaa ni mboji. Asiye na uwanja atumie ndoo yenye mfuniko na matundu chini, atie vumbi la randa au majani, au ampe jirani mwenye bata au mbuzi. Majani yaliyofagiwa yawekwe chini ya miti. Chupa na makopo wapeni waokota makopo, chuma kiende kwa watu wa skrepa. Pampasi, pedi na vifungashio viende kwenye kiroba cha guta, kimefungwa. Marufuku ya 1 Juni 2019 iliondoa mifuko ya plastiki ya kubebea, vifungashio bado viko nasi. Betri zikae kwenye chombo chake peke yake. Sindano za mgonjwa wa kisukari zitiwe kwenye chupa ngumu na zirudishwe kituo cha afya. Ada ya taka mnalipa, kwa hiyo daini risiti, daini ratiba ya siku kwa maandishi, na mzabuni asipotokea mwenyekiti wa mtaa amwite mkutanoni ajieleze mbele yenu.

Jumamosi ijayo ya usafi, shimo lichimbwe kabla ya fagio kushikwa, viroba viwe vitatu, cha chupa na makopo, cha chuma na cha guta, na guta liitwe mapema lifike kabla watu hawajatawanyika. Kazi imekwisha pale taka zilipopakiwa zikaondoka. Yeyote atakayetoa kiberiti, mzuieni, na mwambieni sababu.