Pivo mpya wa Philadelphia: Je, Mutombo alitosha?



Kama una vijana nyumbani, kelele hizi unazijua. Ibada imekwisha, wamama wanasalimiana, na kule chini ya mwembe vijana wa kwaya wamekwisha kuanza kugombana. Si juu ya mahubiri. Ni juu ya mchezaji mpya. Ekipe yao imemleta, amecheza mechi tatu tu, na mmoja anasema kwa sauti kubwa: "Ule eko bure! Walitupa makuta!" Mwingine anajibu: "Mumungoje kwanza, hajazoea." Mwezi uliopita walinivuta mimi niamue. Nikawaambia: "Sisi pia tuligombana hivi mwaka 2001, na mpaka leo hatujamaliza." Wakakaa chini kusikiliza. Basi kaa nawe, nikueleze.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, pale Likasi, katika cité ya Kikula. Nyuma ya kanisa tulikuwa na uwanja wa basketi wa udongo. Pete ya upande mmoja ilichomelewa na fundi wa atelie. Ya upande wa pili iliibiwa, kwa hiyo wote tulicheza kwa pete moja. Nchi ilikuwa katika kilio. Rais Laurent-Désiré Kabila alikuwa ameuawa tarehe 16 ya mwezi wa kwanza, vita bado ilikuwa inaendelea, na nauli ya gari-moshi ilipanda kila wiki. Katika siku zile ngumu, mwishoni mwa mwezi wa pili, radio ilileta habari: Dikembe Mutombo amekwenda Philadelphia.

Sisi tulisema "ameuzwa", kwa maana ndilo neno letu la mpira wa miguu. Lakini kule Marekani, katika NBA, kazi haiendi hivyo. Ekipe hailipi ekipe nyingine makuta ili kupata mtu. Wanabadilishana watu kwa watu, na mishahara ya pande mbili inapaswa kukaribiana. Mara nyingi mchezaji mwenyewe haulizwi. Anaamka asubuhi katika mji mmoja, jioni anaambiwa afunge sanduku. Tarehe 22 ya mwezi wa pili mwaka 2001 ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilishana kwa msimu ule, na siku ile Philadelphia ilimchukua Mutombo kutoka Atlanta pamoja na Roshown McLeod. Ikawatoa wanne: Theo Ratliff, Toni Kukoč, Nazr Mohammed na Pepe Sánchez.

Wanne! Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kule Philadelphia na kule Kikula vilevile.

Jirani yetu alikuwa fundi wa umeme wa mgodini, mzee wa kanisa, mtu wa hesabu. Alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika matokeo yote aliyoyasikia usiku katika radio. Sisi tulimwita Papa tu. Habari ilipofika, alitikisa kichwa. "Batoto," akasema, "ile ekipe ilikuwa ya kwanza Mashariki bila Mutombo. Walianza msimu kwa kushinda mechi 10 bila kupoteza hata moja. Kama bukari inaiva vizuri, unatupa sufuria juu ya nini?"

Yaya wangu, mtoto wa kwanza kwetu, hakuweza kuvumilia. "Papa, lakini Ratliff amevunjika kifundo cha mkono! Atamzuia Shaquille O'Neal na mkono gani?"

Msomaji, wote wawili walikuwa na haki. Ratliff hakuwa mtu wa kutupwa. Msimu ule hakuna aliyemzidi katika NBA yote kwa kuzuia mipira ya wapinzani kwa wastani wa kila mechi, karibu mara 4, na alichaguliwa kwa mechi ya nyota wote. Hakuicheza kwa ajili ya kile kifundo. Mutombo aliicheza. Tarehe 11 ya mwezi wa pili, pale Washington, Mashariki ilikuwa nyuma kwa pointi 21 katika robo ya mwisho, ikageuza na kushinda 111 kwa 110. Mutombo alikamata mipira 22 iliyogonga chuma na kurudi. Kocha wa Mashariki siku ile alikuwa Larry Brown, kocha wa Philadelphia. Mchezaji bora wa siku ile alikuwa Allen Iverson, kijana mfupi wa Philadelphia. Siku 11 baadaye wote watatu walikuwa katika ekipe moja. Unaona mwenyewe jinsi Brown alivyofikiri.

Lakini Mutombo alikuwa na miaka 34, na kontra yake ilikuwa inakwisha mwezi wa sita mwaka ule. Je, kama angekwenda zake? Wangebaki bila Ratliff na bila Mutombo.

Basi akaanza kucheza, na watu wakaanza kumpima. Philadelphia ilimaliza msimu na ushindi 56 na kupoteza 26, ya kwanza Mashariki, lakini ule wepesi wa mwanzo haukuonekana tena. Papa alisoma katika daftari lake na kucheka: "Munaona? Mikono ya mbao." Na kweli, Mutombo hakuwa mtu wa kupamba mchezo. Alipokea mpira kama mtu anayepokea sahani ya moto. Alikuwa mzito kugeuka. Kwake pointi 11 au 12 kwa mechi zilikuwa kazi ya kawaida, na mwenye kutazama pointi tu aliona mtu wa kawaida.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu vijana wetu wengi hawajui pivo ni kazi gani. Wanafikiri ni mtu mrefu wa kutia mpira ndani. Pivo wa namna ya Mutombo ni kama mbwa mkali katika kiwanja chako. Unaweza kuhesabu wezi aliowauma. Lakini utahesabu namna gani wale waliofika penye ukuta, wakasikia sauti yake, wakarudi? Hawaandikwi popote. Mchezaji wa upande wa pili anakimbia na mpira, anaona yule mtu wa mita 2 na sentimita 18 amesimama chini ya pete na mkono juu, anasita, anatupa kutoka mbali, anakosa. Katika daftari la Papa hiyo ni "amekosa". Jina la Mutombo halimo. Ndiyo maana waandishi wa Marekani walimpa tena mwaka 2001 zawadi ya mlinzi bora wa NBA, mara ya nne kwake, nyuma ya 1995, 1997 na 1998. Mbele yake hakuna mtu aliyekuwa ameipata mara nne.

Mechi za mchujo zikafika. Indiana ilitoka. Toronto ilitoka katika mechi ya saba, kwa bahati, tuseme ukweli: mpira wa mwisho wa Vince Carter uligonga chuma na kukataa. Kisha Milwaukee, tena mpaka mechi ya saba, tarehe 3 ya mwezi wa sita. Siku ile Iverson alitia pointi 44, na dunia yote ilimwimba Iverson. Lakini angalia mstari wa Mutombo: pointi 23, mipira ya kurudi 19, mipira aliyozuia 7. Yaya alimpelekea Papa habari ile mapema, kabla hajaenda zamu ya asubuhi. Papa aliandika bila kusema neno. Tuliona tumeshinda.

Ndipo fainali, na ndipo Shaquille O'Neal.

Mechi zilianza kwetu karibu saa tisa za usiku. Mjini kulikuwa na nyumba moja yenye parabole, na mwenye nyumba alitukubalia tukae barazani tukitazama dirishani. Lakers ya Los Angeles ilikuwa haijapoteza hata mechi moja katika mchujo, ilikuwa imeshinda 11. Mechi ya kwanza Philadelphia ilishinda kwao wenyewe Lakers, 107 kwa 101 katika muda wa kuongeza, Iverson pointi 48. Tulilia kwa furaha mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Hatukutaka kuona kwamba usiku ule ule O'Neal alitia 44.

Baada ya hapo walipoteza nne mfululizo. O'Neal, mtu wa zaidi ya kilo 140, alimgeuzia Mutombo mgongo, akamsukuma na mabega na viwiko hatua kwa hatua mpaka chini ya pete, kisha akageuka. Mutombo aliwalalamikia waamuzi juu ya viwiko vile. O'Neal akasema mwenzake anajiangusha. Mwisho wa hesabu, O'Neal alipata wastani wa pointi 33 kwa mechi. Katika mechi ya pili peke yake alizuia mipira 8 na kukamata 20.

"Sasa munaona?" Papa akasema. "Walimuchukua juu ya kazi moja tu. Kazi moja! Na ile kazi haikufanyika."

Yaya alikasirika, hakumsalimia Papa wiki mbili. Mama alimlazimisha kwenda kuomba msamaha, kwa maana huwezi kukosa heshima kwa mtu wa umri wa baba yako kwa ajili ya basketi. Alikwenda. Nafikiri hakuomba vizuri.

Mimi leo, nikiwa mtu mzima, nasema Papa alikosea kipimo. San Antonio ilikuwa na Tim Duncan na David Robinson pamoja, warefu wawili wa kwanza kabisa, na Lakers iliwapiga 4 kwa 0. Sacramento 4 kwa 0. Portland 3 kwa 0. Hakuna aliyemzuia O'Neal mwaka ule. Philadelphia ndiyo peke yake iliyoipokonya Lakers mechi moja katika mchujo wote. Na katika fainali ile Mutombo mwenyewe alitia wastani wa karibu pointi 17 na mipira ya kurudi 12, akiwa na yule mtu mgongoni. Ukimleta mtu kuzuia mto uliofurika, halafu nyumba ya mbele imesimama na shamba limekwenda, utasema hakufanya kazi?

Lakini sitaki kumnyima Papa haki yake. Kiangazi kile Philadelphia ilimpa Mutombo kontra mpya ya miaka minne, zaidi ya dola milioni 60. Msimu uliofuata walitolewa na Boston katika zamu ya kwanza, mechi 3 kwa 2. Mwezi wa nane mwaka 2002 walimbadilisha tena, akaenda New Jersey, wao wakapata Keith Van Horn na Todd MacCulloch. Hakutimiza misimu miwili. Papa alinikuta njiani na daftari kwapani: "Mwanangu, weye unahesabu na roho. Miye nahesabu na kalamu." Nikamjibu aangalie basi na upande wa Atlanta: Ratliff, ambaye wote walimlilia, katika msimu wa 2001 mpaka 2002 alicheza mechi 3 tu kwa ajili ya ugonjwa wa nyonga. Papa alisema hiyo ni bahati mbaya, si hesabu. Sijui kwa nini bahati mbaya ya Ratliff haikuhesabiwa na uzee wa Mutombo ulihesabiwa.

Jambo moja lilinichoma zaidi ya mengine. Watu wetu wa Kikula hawakumdai Mutombo ushindi tu. Walimdai kila kitu. Mama yake, Biamba Marie, alikufa Kinshasa, kwa sababu njia zilifungwa na hakuweza kufikishwa hospitalini. Mutombo alipotangaza kujenga hospitali kwa jina la mama yake, wengine walisema, "Maneno ya matajiri." Hospitali ikajengwa Masina, vitanda 300, yeye mwenyewe akatoa mamilioni mengi ya dola, ikaanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Na bado katika cité yetu nilimsikia mtu akisema: "Amejenga Kinshasa. Sisi wa Katanga tumepata nini?"

Atlanta ilitundika juu shati lake la namba 55 mwaka 2015, mwaka ule ule alioingizwa katika nyumba ya heshima ya basketi. Denver, alikoanzia, ilifanya hivyo mwaka 2016. Philadelphia haikulitundika. Lakini tangu alipoondoka, mpaka mwaka 2025, Philadelphia haijaiona fainali tena.

Alikufa tarehe 30 ya mwezi wa tisa mwaka 2024, kwa kansa ya ubongo, akiwa na miaka 58. Niliposikia nilikwenda kwa Papa. Macho yake yamekwisha nguvu, na binti yake ndiye anayemsomea. Nilimpa habari. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia binti alete daftari.

"Mechi ya saba na Milwaukee," akasema. "Mipira ya kurudi ngapi?"

"Kumi na tisa, Papa."

"Imeandikwa?"

Binti alitafuta ukurasa. Imeandikwa.

"Vema," akasema. Alikaa tena kidogo, mkono juu ya daftari. Kisha akaanza: "Lakini kama Ratliff hangevunjika kifundo..."