Negativu za Zamani: Kuskani Ni Rahisi, Kivuli Ndicho Ghali

Kuanzia Majengo hadi ukingo wa Gikomba, Pumwani ya Nairobi haikosi duka la picha za pasipoti, nakala na vitambulisho vya plastiki. Bei za huduma hizo mteja anazijua kabla hajaingia. Negativu ya zamani ndiyo haina bei inayoeleweka: mteja hudhani analipia kuskani, kazi ya dakika chache, ilhali kazi yenyewe huanza baada ya hapo.

Picha ikitoka kwenye skana huwa ya kijivu, imepoa. Mashine haina kosa. Mpigapicha wa studio wa miaka ya 1950 hakukusudia negativu itazamwe yenyewe. Akiona imefifia, alichagua karatasi ngumu ya kuchapia, yaani yenye kontrasti kubwa, namba 3 au 4, na weusi ukakolea humo kwenye chumba cha giza. Skana haina karatasi. Uamuzi ule sasa unamwangukia kijana aliyekaa mbele ya kompyuta.

Wengi hubonyeza kitufe cha kurekebisha chenyewe. Kanzu inang'aa, kofia inang'aa, na uso wa babu umegeuka doa. Fundi hasa huskani kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 za mwanga badala ya 256 za biti 8, ili akikivuta kivuli baadaye kisikatike mistari mistari. Huweka mpaka wa weusi na wa weupe, kisha huongeza kontrasti taratibu pale penye ngozi. Vumbi hulitoa kwa mkono: usafishaji wa infraredi unaosaidia filamu za rangi haufai hapa, kwa kuwa chembe za fedha zilizo kwenye filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe huzuia miale hiyo. Saa zinaishia hapo.

Wateja wapo. Familia za Kikristo hutaka picha kubwa ya marehemu na kijitabu cha mazishi kwa haraka, na haraka hulipa. Waislamu wa Majengo huzika mapema, hivyo kwao kazi huja kwa njia nyingine: arusi, au mjukuu aliye Uarabuni anayetaka picha ya nyanya yake. Studio yenye negativu zake yenyewe ina mali zaidi. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imekuwa ikiuza chapa za picha zake za zamani kwa wageni.

Kwa maoni yangu, wenye maduka watangaze bei mbili, ya kuskani na ya kurekebisha, na wamwonyeshe mteja tofauti kwenye skrini. Nawe mteja, dai mafaili mawili: lililorekebishwa, na lile la kijivu la biti 16 lisiloguswa. Negativu yako usiiache dukani.