Je, Wajua? Gemu Moja, Gigabaiti 150!

Je, wajua kuwa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, hatua zake zote 32, ilienea kwenye kilobaiti 40 tu? Picha moja ya simu yako leo inaizidi kwa mbali! Na ukiitazama vizuri utagundua kitu: wingu na kichaka ni mchoro uleule. Juu umepakwa rangi nyeupe, chini kijani, nafasi ikaokolewa.

Sasa kaa vizuri. Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inadai gigabaiti 150. Hapo zinaingia Mario zaidi ya milioni tatu na nusu! Ukiishusha kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyokatika hata kidogo, utasubiri saa 33. Wewe unayenunua bando, hebu piga hesabu.

Uzito wote huo watoka wapi? Utashangaa. Titanfall ya 2014 ilichukua gigabaiti 48 kwenye kompyuta, na 35 kati ya hizo zilikuwa sauti tu! Walioitengeneza waliziacha bila kuzibana ili mashine dhaifu zisielemewe na kazi ya kuzifungua.

Kuna la ajabu zaidi. Mark Cerny, msanifu wa PlayStation 5, alieleza kuwa katika Spider-Man ya PlayStation 4 kuna vitu vilivyonakiliwa mara 400 kwenye diski ileile! Diski inayozunguka huchelewa ikitafuta kitu kilicho mbali, kwa hiyo nakala huwekwa kila kona.

Na nakala zikifutwa je? Desemba 2025, Helldivers 2 ya kompyuta ilishuka kutoka gigabaiti 154 hadi 23. Gemu ni ileile, haikupungua kitu!

Unajua kwamba mwaka 2020 Microsoft Flight Simulator iliuzwa Ulaya kwenye boksi lenye DVD 10? Bado hazikutosha. Ramani na picha za dunia nzima ni zaidi ya petabaiti 2, yaani gigabaiti milioni mbili, na huletwa na intaneti ndege yako ikiwa angani.

Subiri, usiondoke. Mwaka 2004 Wajerumani walitoa .kkrieger, gemu ya kufyatua risasi yenye kumbi, silaha na madubwana, kwa kilobaiti 96 tu! Ndani yake mna maelekezo. Kompyuta yako ndiyo inayochora kila ukuta pale unapofungua gemu.