Je, Wajua? Mauti ya Lumumba Katika Rangi

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika ile Kongo ambayo milima yake huonekana kutoka Kigoma na Ujiji anga inapotakata, alikuwako mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, ambaye mnamo 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian tarikhi nzima ya nchi yake, takribani picha 100, akizifasiri moja baada ya moja kwa Kiswahili. Katika mojawapo, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na sahibu zake Mpolo na Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, wamelala chini maiti, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu, mfano wa ile ya Golgotha. Na damu itokayo ubavuni mwa Lumumba yaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Wekundu wa jinai umegeuzwa wasia, na hiyo, kwa rai yangu, ndiyo hidaya kubwa ya mchoraji huyu, kwani marehemu hao hawakuachiwa hata kaburi: miili yao iliyeyushwa kwa asidi, na masalia ya Lumumba yaliyorejeshwa na Ubelgiji mwaka 2022 ni jino moja.