Hati ya Serikali Isiwe Picha Tupu kwa Asiyeona

Mkazi wa Machakos asiyeona anaweza kusoma tangazo la chanjo kwa simu yenye programu ya kutamka maandishi. Lakini programu hiyo husoma herufi zilizochapwa kwa kompyuta. Karatasi iliyopigwa picha kisha ikatumwa haina herufi ndani yake. Mara nyingi simu hunyamaza, naye mzazi hukosa tarehe ya chanjo ya mtoto.

Dawa ni rahisi. Karani atume hati yenyewe aliyoichapa, na kila picha aieleze kwa maneno. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breili au njia nyingine inayomfaa. Ukitumiwa picha, msomaji, dai maandishi.