Matanga yakianuliwa, majonzi hubaki

Mazishi mengi ya Migori na Homa Bay hufanywa Ijumaa au Jumamosi. Jioni hiyo hema hufunguliwa, viti vya kukodi hupakiwa kwenye gari na masufuria huoshwa. Jumapili mabasi ya Nairobi hujaa jamaa wanaorudi kazini. Kufikia Jumatatu, katika boma fulani huko Ndhiwa, Mbita, Rongo au Nyatike, mjane na watoto wake wamebaki peke yao, na kaburi jipya liko kando ya nyumba.

Watu wengi hudhani kwamba mtu akishalia vya kutosha matangani, mambo yamekwisha. Sivyo. Kwa wafiwa wengi, siku ngumu zaidi ni zile zinazofuata baada ya watu kutawanyika.

Mila ilivyosaidia

Miongoni mwa Waluo, kifo si jambo la nyumba moja. Wanawake hulia kwa sauti wakitaja matendo ya marehemu. Katika tero buru, wanaume huswaga ng'ombe kwa kelele na vumbi ili kuyafukuza mauti. Majirani huchota maji na kupika. Mila hizi zina faida kwa afya ya akili: mfiwa hupewa ruhusa ya kulia mbele za watu, na hapati nafasi ya kujihisi ametupwa.

Thamani ya jambo hili ilionekana mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Corona, serikali ilipoamuru mazishi yahudhuriwe na watu wasiozidi 15 wa familia. Jamaa waliozika kwa haraka walisema waliona kama hawakuzika.

Kasoro ni kwamba siku hizi msaada wote husongamana kabla ya mazishi. Wakati huo mfiwa hana hata nafasi ya kufikiri: kuna gharama za mochari, jeneza, chakula cha wageni na mikutano ya kamati. Akili inapotulia na kutambua kilichotokea, wageni wameshaondoka.

Mwili pia huomboleza

Majonzi hayakai moyoni tu. Mfiwa huweza kukosa hamu ya chakula, kuumwa kichwa na mgongo, kusahau mambo madogo na kuamka saa tisa usiku asipate usingizi tena. Wengine husikia sauti ya marehemu au hatua zake mlangoni. Hilo huwapata watu wengi na si wazimu.

Pamoja na majonzi huja wasiwasi. Moyo huenda mbio, kifua hubana, mikono hutetemeka. Simu ikilia usiku, mtu hudhani ni habari ya kifo kingine. Mtoto akipata homa kidogo, mama huona kaburi. Sababu ni kwamba mwili ulioshtuliwa na kifo hubaki macho, kama mlinzi aliyevamiwa usiku mmoja na tangu hapo akashindwa kusinzia. Hata hivyo, maumivu makali ya kifua yasidhaniwe kuwa ni majonzi tu. Hatari ya mshtuko wa moyo huongezeka katika siku za kwanza baada ya kufiwa, hivyo mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Katika sehemu hizi kuna hofu nyingine pia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima, asilimia 19.6 katika Homa Bay na asilimia 13 katika Migori waliishi na virusi vya ukimwi, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Mtu aliyefiwa na mwenzake kwa ugonjwa huo huomboleza na papo hapo hujiogopea. Akianza kukonda kwa kutokula, majirani hunong'ona kwamba ni chira, yaani maradhi yanayosemekana humpata aliyevunja mwiko. Wengine huvurugikiwa na ratiba siku za matanga na kuacha dawa. Dawa za virusi, za shinikizo la damu na za kisukari hazina likizo ya matanga. Jamaa mmoja apewe kazi ya kumkumbusha mfiwa kila siku. Asiyejua hali yake apimwe, kwa maana dawa zipo na watu huishi nazo miaka mingi.

Hofu yenye sababu

Si kila wasiwasi huondolewa kwa maneno ya faraja. Mjane huweza kukosa usingizi kwa sababu karo haijalipwa, shemeji ameanza kupima shamba, au wazee wanamshurutisha arithiwe. Kumwambia "jikaze" hakumsaidii. Linalomsaidia ni kujua haki yake. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humweka mjane na watoto mbele ya ndugu wa marehemu. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani huhesabu kumrithi mjane kwa nguvu kuwa dhuluma. Chifu, kanisa au wakili anaweza kumwonyesha pa kuanzia.

Watoto wasidanganywe

Wakubwa hupenda kumwambia mtoto kwamba baba "amesafiri" au "amelala". Mtoto huanza kungoja, au huogopa kulala. Aambiwe ukweli kwa maneno mepesi: baba amekufa, hatarudi, na kifo hicho si kosa lako.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, katika Bungoma hapa Kenya na Moshi nchini Tanzania. Washauri wake hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofunzwa. Waliwasaidia watoto kuisimulia habari ya kifo kidogo kidogo, na walezi walishirikishwa. Katika sehemu 3 kati ya 4, watoto hao walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa mafunzo hayo. Kwa hivyo mwalimu, shangazi au mhudumu wa afya wa kijijini aliyefunzwa anaweza kuwa msaada mkubwa.

Wakati wa kutafuta msaada

Majonzi hayana kalenda. Hupungua, kisha hurudi siku ya kumbukumbu au Krismasi. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linayahesabu kuwa ugonjwa yakidumu kwa ukali zaidi ya miezi 6, yakipita desturi ya jamii ya mfiwa, na yakimzuia kufanya shughuli zake. Mtu kama huyo amwone daktari au mshauri. Asijitibu kwa chang'aa wala kwa tembe za usingizi alizonunua dukani.

Anayesema anataka kumfuata marehemu asiachwe peke yake, na asichekwe. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kwa hivyo familia isimfiche mgonjwa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Wewe uliyerudi mjini

Msomaji, huenda nawe ulipanda basi la Jumapili ukarudi kazini. Ulichanga, ukazika, na sasa huna la kufanya. Lipo. Chagua siku moja ya juma umpigie mfiwa simu, na usingoje akupigie. Usimwambie "ukihitaji kitu niambie", kwani hataomba. Tuma unga, au lipa mtu wa kulima. Litaje jina la marehemu bila kuogopa, kisha usikilize. Nawe pia, ukiwa umefiwa, usijifanye mzima kazini. Mweleze mkubwa wako na mwenzako mmoja unayemwamini.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya mfiwa haiishi hema linapofunguliwa. Watu mia mbili wakija siku ya mazishi ni vyema. Mmoja akibisha hodi mwezi wa tatu, huenda akamsaidia zaidi.